Bunduki Uliyosema Ndiyo Yenyewe

Baba yangu,

Shikamoo. Nakusalimia kwa sababu ndivyo ulivyonilea, lakini moyo wangu haujatulia. Maneno haya nimekaa nayo tangu Pasaka na sikumpata wa kumwambia. Mama analia nikianza tu. Oresto mdogo wangu ndiye mwenye kesi, kwa hiyo si mtu wa kumweleza. Umebaki wewe, na wewe ndiye niliyekukasirikia kuliko wote, ingawa umelala na majani yameshaota juu yako. Nimeamua kuandika wazi, asome anayetaka, maana uongo wenyewe niliutangaza mbele za watu mimi mwenyewe bila kujua.

Nianzie Rukwa, ulipokuwa askari wa wanyamapori. Serikali ilikukabidhi bunduki ya mitutu miwili, nzee kuliko wewe, na Jumamosi ukirudi kutoka porini ulikuwa unaitandikia gunia uani na kuisafisha. Oresto alikuwa bado anabebwa mgongoni. Mimi ndiye niliyekushikia kichupa cha mafuta ya cherehani ya Mama. Ukimaliza kufuta, ulikuwa unanishika kidole na kukipitisha juu ya herufi zilizochongwa katikati ya mitutu. "Soma," unasema. Nasoma B, nasoma I, nasoma R, mpaka neno linaisha. Birmingham. Shuleni walipokuja kunifundisha kusoma nilikuwa tayari na neno moja refu kuliko ya wenzangu wote, na sikujua kama ni mji, ni mtu au ni aina ya chuma. Ulipostaafu uliirudisha ofisini, ukasaini, ukaja nyumbani ukala ukalala. Kesho yake asubuhi nilikuona umekaa uani, mikono imelala mapajani kama imesahau kazi yake.

Maisha yakatuleta huku Uingereza, kwanza mimi, halafu Oresto, halafu wewe na Mama. Siku ya kwanza uliposoma jina la mji kwenye bango la stesheni ulicheka peke yako mpaka watu wakageuka. Ukaniambia, "Mama, kumbe tumeifuata bunduki mpaka kwao." Uliniita Mama siku zote, kwa jina la bibi yangu, na mimi nilijiona mtu mkubwa kwa hilo.

Ndiyo maana ulipokaribia kutimiza miaka sabini nilimwambia Oresto, tumtafutie Mzee ile bunduki. Ile ya Rukwa haipatikani, lakini nyingine ya kiwanda kilekile, ya umri uleule. Hapa sheria inaruhusu kuwa nazo zikishazimwa, yaani zimechomelewa ndani zisiweze kufyatua tena, na zinakuja na cheti. Wako watu wanazikusanya kama wengine wanavyokusanya saa. Tuliulizia, tukaelekezwa kwenye duka moja katika mitaa ile ya zamani ya mafundi bunduki, karibu na katikati ya jiji. Mwenye duka, mzee wa Kiingereza mwenye sauti ya chini, alitutandikia kitambaa cha kijani juu ya meza, akalaza bunduki mbili sambamba.

Moja ilikuwa ndiyo. Niliijua kabla hajasema kitu. Mbao ya kitako ilikuwa na michirizi ndani yake kama chai inayomiminiwa maziwa, nakshi za pembeni zimechongwa kwa mkono, majani madogomadogo hakuna lililofanana na mwenzake, na katikati ya mitutu, herufi zangu. Nyingine ilikuwa ya bei ya chini. Ilitengenezwa nchi nyingine kwa kuiga umbo. Nayo ni bunduki kweli, mwenye duka hakutuficha kitu. Alitueleza kwamba kwa mtu anayetaka kitu cha kutundika ukutani hiyo ingetosha kabisa, ila mbao yake ni ya kawaida iliyopakwa rangi, na nakshi zimegongwa kwa mashine. Nilizishika zote mbili. Ya bei ya chini ilikuwa nyepesi upande wa mbele, kama ndoo isiyojaa.

Oresto alinivuta pembeni. "Dada, tuchukue hii ya chini. Macho ya Mzee yamechoka, hataona tofauti."

"Ataona," nikamwambia. "Ameibeba nusu ya maisha yake."

"Haifyatui hata moja kati ya hizi. Tofauti iko wapi?"

"Tofauti ataijua yeye. Kama ni ya kuigiza, bora tumnunulie koti."

Akainua mabega, akasema sawa. Sehemu kubwa niliitoa mimi. Nilichukua zamu za wikendi kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi mpaka miguu ikavimba, na wewe mwenyewe ulinikanya, ukaniuliza nakimbizana na nini. Nilicheka tu. Fedha nilimkabidhi Oresto kwa sababu yeye alikuwa na gari, na duka lilikuwa njia yake kutoka kazini kwake, ghalani Washwood Heath.

Siku yenyewe unaikumbuka. Mama amepika ndizi na utumbo, sebule imejaa watu wa kanisani, na Oresto ameingia na sanduku refu. Ulilifungua ukiwa umekaa. Ukaitoa bunduki, ukaibeba mikononi kwa muda, ukaipandisha kidogo na kuishusha. Ukapitisha kidole gumba juu ya herufi. Ukamtazama Oresto. Halafu ukanitazama mimi. Nilikuwa nalia, sioni vizuri, nikadhani na wewe umezidiwa na furaha.

"Hii ndiyo yenyewe," ukasema. "Asanteni wanangu."

Baba, maneno hayo matatu niliishi nayo miaka. Ukitaka kujua umenifanyia nini, fikiria kila mara uliponisikia nikiyarudia. Kila mgeni aliyeingia nyumbani kwenu nilimshika mkono nikampeleka ukutani. Nilimweleza habari za kuchonga kwa mkono. Nilimwambia asikubali kamwe kununua za bei ya chini, maana mtu anayejua huziona mara moja, na mfano wangu ulikuwa wewe. Unamkumbuka Papa Dieudonné, yule mzee wa Bukavu, jirani yetu, aliyeiona akarudi nyuma mpaka mlangoni? Ulisimama haraka ukaifunika na kanga ya Mama, ukamwambia, "Usiogope ndugu yangu, hii imehasiwa." Akacheka, akaketi. Mimi nikadakia palepale, "Lakini ni ya hapahapa Birmingham, Papa, ya kweli kabisa." Ukainamia kikombe chako cha chai. Siku ile nilidhani unaona haya kusifiwa. Sasa najua ulikuwa unaukwepa uso wangu.

Ulipougua sikukuacha. Sisemi nikudai kitu, nilikuwa binti yako na hiyo ndiyo kazi yangu. Lakini tulikuwa na asubuhi nyingi, mimi nakunyoa, wewe umefumba macho, nyumba kimya. Ulinieleza habari za ndugu zako ambazo hata Mama hakuzijua. Ulinieleza ulivyomwogopa simba mmoja mpaka ukajikojolea, na ukanikataza nisicheke. Nilidhani nimepewa funguo zote. Kumbe chumba kimoja ulikuwa umekifunga, na ufunguo ameushika Oresto.

Jambo limejulikana hivi. Baada ya ibada ya Pasaka tulikuwa jikoni kwa Mama. Nilimwomba ruhusa nihamishie bunduki kwangu Kings Heath, maana kule kwake anaiangalia na kulia. Mama akasema nichukue. Oresto, ambaye alikuwa anaosha vyombo, akasema bila kugeuka, "Iache hapahapa, Dada. Haina maana kuibeba."

"Haina maana vipi? Nataka kuiwekea bima pia. Mtu kazini ameniambia kitu cha namna ile kinawekewa bima, watakuja kukithamini."

Alifunga bomba la maji. Mama akaacha kukunja kitambaa. Nikawatazama wote wawili, na nikajua kuna kitu ambacho mimi peke yangu ndani ya chumba kile sikijui.

"Usiwaite hao watu," Oresto akasema. "Watakwambia siyo."

"Siyo nini?"

"Siyo ile tuliyoichagua. Nilichukua ile nyingine. Herufi nilikwenda kuchongesha kwa sonara."

Nilimwomba aseme tena, akasema tena. Ghalani walikuwa wamempunguza kazi, hakuwa amemwambia hata mkewe, na kodi ya nyumba ilikuwa inamsubiri, akailipa kwa fedha iliyobaki. Alidhani atairudisha fedha hiyo, atanunua ile nzuri baadaye, atabadilisha kimyakimya. Mwenye duka akaja kuiuza kwa mtu mwingine. Nilikuwa nimeshapandisha sauti, namwita mwizi, namwambia amemdanganya mzee wa watu mpaka kaburini, na hapo ndipo Mama alipoweka mkono wake kwenye bega langu.

"Mwache. Baba yenu hakudanganywa. Alijua tangu alipoishika."

Niliona aibu kwanza, Baba. Hata kabla ya hasira. Nilijiona nimesimama ukutani na wageni wangu, mdomo wazi, na nyuma yangu nyinyi watatu mmekaa. Mama akanieleza kwamba siku ya pili yake ulimwita Oresto uani, ukamuuliza mara moja tu, akakiri akilia. Ukamwambia, "Basi, yameisha. Dada yako asijue." Ukarudi ndani ukamwambia na Mama vivyo hivyo. Mkapanga. Mimi nilikuwa kazini, kwenye zile zamu za wikendi nilizokuwa bado sijaziacha.

Nilikuwa sahihi, unaona. Nilimwambia mwanao pale dukani kwamba utaona, na uliona. Nilikujua. Kati ya watoto wako wawili mimi ndiye niliyejua mikono yako inaweza nini, na kwa kukujua huko ukanilipa kwa kunifanya mtu wa kuigiza naye. Oresto aliniibia bunduki. Wewe uliniibia lile "ndiyo yenyewe", na hilo ndilo nililokuwa nimelifanyia kazi. Kama ungesema tu, "Mama, siyo hii, lakini nimeipenda kwa kuwa mmeileta," ningelia siku moja nikanyamaza.

Nilikwenda nayo nyumbani siku ileile. Ilikaa siku kadhaa kwenye korido, imefungwa kwenye shuka. Nilipoifungua niliona kila kitu, na nikashangaa nilikuwa naangalia nini miaka yote. Majani ya nakshi yamefanana yote. Rangi ya mbao imeanza kuchubuka pale ulipokuwa unaipapasa. Herufi ni safi mno, zimesimama kama watoto waliopangwa foleni. Binti yangu akapita, akaniuliza kwa Kiingereza chake kwa nini naichukia ghafla, si bunduki ileile ya Babu? Nilimwambia aende akamalizie kazi za shule.

Nikamrudia Mama, maana kulikuwa na swali halijajibiwa. Nilimuuliza kwa nini mimi. Kwa nini Oresto alindwe na mimi nifichwe. Akasema, "Baba yako alisema Oresto akikosa, anagombezwa na anarudi. Wewe ukikata mtu umemkata. Alisema, nikifa watabaki wawili tu katika nchi hii ya watu. Sitaki undugu wao ufe kwa ajili ya bunduki."

Nilisikia, Baba. Nimelifikiria jibu hilo nikiwa kwenye basi, nikiwa kazini, nikiwageuza wazee wa watu kitandani. Kuna upendo ndani yake, siukatai. Lakini lilinichoma kuliko uongo wenyewe. Uliketi ukanipima, ukaamua mimi ni mtu asiyesamehe, ukaipitisha hukumu hiyo kwa Mama na kwa Oresto, na mimi mwenyewe hukuniuliza. Nimekunyoa ndevu mwaka mzima wewe ukinijua hivyo. Labda ungeniambia ningekasirika mwaka mzima. Labda miwili. Lakini ungekuwepo uone nikirudi. Sasa hata nikirudi, hutaona, na utabaki na ulichoamua.

Jumamosi iliyopita mtu alibisha hodi. Nilichungulia dirishani nikamwona Oresto amesimama kwenye mvua, mikono mitupu, hakuleta zawadi wala maneno. Hakupiga hodi mara ya pili. Alisimama tu, mrefu, mabega yameinama kidogo upande mmoja, kama wewe. Nilikaa nyuma ya mlango nikiwa nimeshika kitasa. Hasira ilikuwa bado nzima, na mpaka naandika haya haijapungua.

Nilifungua. Nikampa taulo. Nikaweka maji ya chai, akaketi jikoni, na hatukusema lolote la maana mpaka mvua ikakatika. Alipoondoka alisema, "Asante, Dada," nami nikasema, "Haya." Sijamsamehe. Sijui lini.

Lakini nataka ujue, na ndiyo sababu hasa ya kukuandikia: mlango niliufungua mimi. Si kwa ajili yako, wala si kwa mpango wako. Lala salama, Baba. Hili usijihesabie.

Ni mimi binti yako, uliyemwita Mama,

Leokadia