Kima cha Kuku cha Bwana Harub

Maskati, 9 Januari 1967

Kwa mwanangu Mahbuba,

Assalaam alaykum. Mimi nna afya, isipokuwa magoti. Nataraji wewe na mumeo mu wazima huko Bangkok. Barua yako haina vituo hata kimoja, lakini nimeifahamu.

Ami yako Thani alikwenda kuniombea ruhusa ya kusafiri nije kwako. Amerudi mikono mitupu. Bila ya karatasi ya Bwana Harub, mkubwa wa vibali na forodha, sitoki nchi hii. Basi Thani amemwalika chakula kila Jumatatu, ili tumlainishe. Tatizo ni lango. Harub akaa Matrah, nje ya lango, hufika kwetu baada ya Magharibi, na mzinga ukilia lango la mji hufungwa. Biriani haiwahi. Niandikie chakula cha huko kinachopikika upesi.

Shangazi yako,
Shaikha

Bangkok, 2 Februari 1967

Shangazi yangu,

Shikamoo. Sisi wazima, na watoto wauliza bibi yao aja lini.

Hapa wana kitu huitwa laap. Kima cha kuku, kiive kwa maji kidogo, bila ya mafuta. Ukishaepua, tia ndimu, pilipili, nanaa na vitunguu vya majani. Mchele mbichi ukaange mkavu mpaka uwe kahawia, utwange, unyunyize juu. Wenyewe hutia maji ya samaki wa chumvi, hula kwa majani mabichi; wewe tazama utapata nini. Nakuomba, Shangazi, usitie mdalasini!

Mwanao,
Mahbuba

Maskati, 20 Machi 1967

Mahbuba,

Marahaba. Wabusu watoto.

Nimekipika. Kuku wa hapa ni mifupa na inda. Nilimkatakata kwa kisu kizito mpaka akasalimu amri. Badala ya maji yenu ya samaki nilichemsha dagaa wakavu, nikachuja. Mchele nilitwanga mwenyewe, maana Masouda anayenisaidia jikoni angeufanya unga. Majani sikupata, nimekitia ndani ya mkate mwembamba. Mdalasini sikutia, ingawa mkono uliniwasha.

Nikiwa nyuma ya pazia nilimsikia Harub: "Bi Shaikha, hiki chakula au uchawi?"

"Ni kuku," nikamjibu. "Na ruhusa yangu?"

"Wiki ijayo, inshallah." Akachukua kandili, akakimbilia lango.

Shangazi yako,
Shaikha

Bangkok, 11 Agosti 1967

Shangazi,

Shikamoo. Hali zetu njema, ila mimi nna hasira.

Barua zako zote tangu Machi zasema "wiki ijayo". Huoni? Akikupa ruhusa, nani atampikia? Na Ami Thani, tangu Harub aanze kuja, si mizigo yake ya biashara yapita forodhani bila ya maswali? Hakuna kati yao atakaye uondoke. Kiharibu, Shangazi. Kitie chumvi kisilike.

Mwanao,
Mahbuba

Maskati, 30 Oktoba 1967

Mahbuba,

Assalaam alaykum. Magoti ni yale yale.

Sikufunzwa kuharibu chakula cha mgeni, na nilikukasirikia sana kwa kunishauri hivyo. Kisha nikatia chumvi konzi nzima.

Harub alitia tonge la kwanza kinywani. Nilisimama nyuma ya pazia, nikisubiri asukume sinia. Hakusukuma. Alikula mpaka akakimaliza, akaomba maji, akaomba tena.

"Thani," akasema, "mwambie dada, wiki ijayo apunguze chumvi. Na ndugu zangu wawili watakuja."

"Atapunguza," Thani akajibu, wala hakugeuka kunitazama.

Jumatatu iliyofuata nilichinja kuku wawili, na chumvi nilipunguza.

Shangazi yako,
Shaikha