Mtoto Atabaki na Nani

Gijón, Aprili 1934

Dada yangu mpendwa Aurelia,

Natumaini wewe, shemeji Faustino na mtoto wenu Libertad hamjambo huko Madrid. Sisi ni wazima, ila kikohozi cha mama hakijaisha. Vumbi la tumbaku la kiwandani halimwachi.

Ile riwaya yako uliyoiandika ukanitumia nimeimaliza. Nimeipenda sana, hasa pale mwanamke mshonaji anapowaambia wafanyakazi wenzake kwamba hayo si mapinduzi, ikiwa mwanamke akirudi nyumbani bado ni mtumishi. Mama aliipeleka kiwandani. Unajua desturi yao: mmoja husoma kwa sauti, na wengine humsokotea sigara zake ili asikatwe mshahara. Safari hii walisokota huku wakilia. Wakaamua kukualika uje uwahutubie Mei Mosi.

Jumapili wenzake mama walikuja kwetu kupanga sherehe. Kati yao, Obdulia peke yake ndiye aliyeicheka riwaya. "Huyo bibi mshonaji kila jioni yuko mkutanoni," alisema. "Watoto wake nani anawapikia, malaika?" Unanijua nilivyo na haya, mbele ya wageni hata maji siwezi kuomba. Lakini nilisimama, nikamwambia kwamba dada yangu ana mtoto na anahutubia, na hajamfanya mtu yeyote mtumishi wake. Akasema, "Haya mwanangu, nimenyamaza."

Walipoondoka, mama aliniambia, bila kuniangalia usoni, kwamba umemwomba baba anitoe shuleni nije kwako kupika na kumlea Libertad, wewe upate nafasi ya kwenda mikutanoni. Baba ameshakubali. Nilipomsihi baba aniache nimalize masomo, alisema, "Dada yako anawapigania wanawake wote. Wewe unajipigania mwenyewe tu."

Aurelia, wewe ndiye uliyenifundisha kusoma. Kwa nini hukuniambia mwenyewe?

Nami sitakuficha nilichofanya. Jana nilikwenda kwenye lango la kiwanda, nikamwomba Obdulia msamaha na kumweleza yote, na wenzake wakasikia. Hawajafuta mwaliko. Wamesema uje, ila uje na mtoto, na upande jukwaani ukiwa umembeba.

Mimi baba hanisikii, wewe anakusikia. Tafadhali mwambie umebadili nia, kabla hajaenda kwa mkuu wa shule.

Nisalimie shemeji. Libertad mbusu kwa niaba yangu. Yeye hana kosa.

Mdogo wako,
Etelvina