Maziwa Yasiyo na Mwili

Jumatatu, 3 Machi 1986

Samahani, daftari. Tangu nijifungue sijakufungua. Kadzo kalala mgongoni, ndiyo nimepata mkono.

Nimemkama Sikitu alfajiri. Ndoo imejaa hadi povu lamwagika. Mavyaa, mamake mume wangu, kafurahi, asema ni migomba anayomkatia. Kumbe. Kituoni, bwana wa kupokea maziwa katia kile kipimo cha kioo. Hakikuelea. Kimezama hadi shingoni. "Mama, umeongeza maji." Mbele ya watu wote. Nimerudi na ndoo yangu.

Sikuongeza hata tone.

Alhamisi, 6 Machi

Kimezama tena. Wanawake wa foleni waliponiona tu: "Haya, mpisheni Mama Mfereji!" Vicheko. Nimelia njiani, kisha nikanyamaza kwa sababu Kadzo naye alianza.

Sikitu si wangu. Ni ng'ombe wa kikundi chetu cha akina mama wa kanisa, nimepewa nimlee. Anayeaibisha kikundi hunyang'anywa. Mwenyekiti kaniletea neno: nikirudishwa mara ya tatu, watakuja na kamba. Naogopa. Mume wangu Katana yuko Kikambala, anafua mashuka ya hoteli, hajui lolote.

Maziwa yangu pia machache. Kadzo avuta, aachia, avuta. Nimechoka na kila kinachonyonywa.

Jumamosi, 8 Machi

Bwana Mwakio, bwana mifugo, kaja kwa baiskeli. Hakuanza na kiwele. Kapapasa mbavu za Sikitu, kisha akachungulia horini. Migomba mitupu. Mashudu ya nazi aliyotuma Katana yako stoo, gunia limeshonwa vile vile. Mavyaa hakuyagusa. Kwake yeye mzazi, awe mtu awe ng'ombe, hapewi kitu kizito. Apewa majimaji, maziwa yashuke. Mimi mwenyewe ndivyo anavyonilisha. Uji mwembamba, hata chini ya bakuli pаonekana.

Bwana Mwakio kaeleza polepole. Ng'ombe akishiba chakula cha nguvu, mwili watoa homoni. Ni kama wajumbe, hupita kwenye damu hadi kwenye kiwele kusema: jengeni. Ndipo hutengenezwa protini, ile inayofanya maziwa yagande. Akiwa na njaa, wajumbe hao hupungua. Maziwa yatoka, hata mengi, lakini hayana mwili. Na kile kioo hakijui njaa, chadhani ni maji.

Mavyaa akamkatiza: "Hata kiweleni mna wajumbe? Basi ndiyo maana vitu havifiki!"

Bwana Mwakio kacheka hadi akashika baiskeli asianguke. Mimi pia, kidogo. Kisha nikaenda nikakata uzi wa gunia, Mavyaa akiniangalia.

Nisipeleke maziwa kituoni kwanza, kasema Bwana Mwakio. Nimpe Sikitu muda.

Jumapili, 9 Machi

Mavyaa hasemi nami. Adai nitamvimbisha ng'ombe tumbo afe. Nimemtilia maji ya kuoga, nimemwamkia shikamoo kama siku zote. Lakini ufunguo wa stoo nimeufunga kwenye pindo la leso.

Nampenda. Nilipojifungua ni yeye aliyenikanda kwa maji ya moto, kila asubuhi, mikono yake ikiungua. Kwa hili lakini sirudi nyuma. Mashudu kidogo kidogo, pumba za mahindi, mgomba wa kuonja tu.

Jumanne, 18 Machi

Ndoo haijai kama zamani. Mavyaa kasimama mlangoni: "Umeona sasa?" Huenda nimekosea, na watamchukua Sikitu kwa kosa langu mwenyewe.

Nimetenga kikombe kimoja cha maziwa yagande. Nimekifunika. Keshokutwa napeleka ndoo kituoni.

Alhamisi, 20 Machi

Kimeelea.

Yule bwana kakitoa, kakifuta, kakitia tena. Kimeelea tena. Hakusema samahani. Kamimina tu maziwa kwenye pipa lake. Mmoja wa foleni akaniuliza: "Mama Mfereji, leo maji yamekatwa?" Nikamwambia, "Yamekatwa, dada. Chukua ndoo, uende kisimani." Wamemcheka yeye.



Jumamosi, 22 Machi

Kikombe kimeganda. Mavyaa kakigeuza juu chini. Hakikudondoka kitu. Katafuta kijiko, kala chote. Kisha akaniletea uji wangu, mwembamba ule ule.

Nikamwambia, "Mama, mimi pia mzazi. Wajumbe wangu nao wana njaa."

Kaniangalia sana. Kaurudisha uji jikoni. Nimesikia mwiko ukisonga sima.

Kadzo kanyonya hadi kasinzia. Jirani aenda Kikambala kesho, nimwagize Katana. Niandike hapa nisisahau. Mashudu, gunia moja, hili laishia. Chumvi ya ng'ombe ya kulamba. Mafuta ya kukamia. Leso si lazima, ile ya zamani yatosha. Kisha vyangu: kunde, dagaa wakavu, nazi kavu tano, na unga wa wimbi.

Unga mwingi. Wa uji mzito.