Jory Ameacha Kutetemeka

Kerensa upo? Usinipigie, siwezi kuongea. Soma tu.

Jory yuko hospitali. Jory wetu! Helikopta imemtoa kule nyikani katikati ya mashindano, hata kilele cha nane hatujafika.

Unamjua Jory na baridi. Mvua tangu asubuhi, meno yanagongana, Piran anamtania, "We babu, utavunja magego!" Basi tulipopita kilele cha saba akaacha kutetemeka. Ghafla tu. Nikasema afadhali, mwili umepata joto, kumbe ndiyo baridi imemzidi. Mimi ndiye niliyesema, Kerensa. Mimi.

Kwenye kituo cha ukaguzi yule mwanajeshi anayekagua timu akamkazia macho, "Kijana, uko sawa?" Jory kimya, anamtazama tu kama hamwoni. Na baada ya goti lako kukutoa jana, na Talan kurudi nyumbani, tulikuwa tumebaki wanne. Sheria unaijua, mkibaki watatu timu nzima inatolewa. Nikadakia, "Yuko sawa, afande, amechoka tu." Nikamfungia mikanda ya begi mwenyewe, maana vidole vyake havikuwa vinashika kitu.

Nusu saa mbele akaanza kuvua koti. Kwenye mvua ile! Eti anaungua. Kisha akaketi kwenye matope, hakuinuka tena.

Bado hajazinduka.

Mama yake amenikuta hapa koridoni. Hajanifokea, heri angenifokea. Amenishika mikono akaniuliza, "Merryn mwanangu, kule kituoni hawakumuuliza hali yake?"

Nikamwambia walimuuliza.

"Akasemaje?"

Kerensa, nimemwambia alisema yuko sawa.

Akanikumbatia.