Buhoro kwa Penseli Nyekundu

Jumanne, 5 Julai 1977

Mazoezi leo. Besi wamechelewa tena. Si kuchelewa kufika, hilo nimeshalizoea. Wanachelewa kuingia. Natoa mkono, sauti nyingine tatu zinaondoka, Balozi Bukuru anafumba macho kwanza, anavuta pumzi, ndipo anakuja na wenzake nyuma yake. Nusu pigo. Miaka mitano, nusu pigo ile ile. Kumgombeza siwezi. Ni balozi wa nyumba zetu kumi, ana umri wa baba yangu. Na sisi tuliotoka Burundi tunalima hapa Murungu kwa sababu watu kama yeye walisogea wakatupa nafasi.

Tumeimba ule wa opera. Niliwaeleza zamani kwamba opera ni mchezo wa jukwaani ambao watu hawasemi, wanaimba tu, hata wakiombana chumvi. Walicheka sana. Mimi mwenyewe sijawahi kuiona. Ninayo santuri moja, wimbo wa kwaya kutoka ndani ya opera, pande mbili, na gramafoni ya kuzungusha kwa hendeli. Padri wetu wa seminari alinipa gramafoni hiyo kwa kuwa ilikuwa imeshakufa. Wengine walivuka mpaka na vyungu na mbuzi, mimi nikavuka na gramafoni kichwani. Domitila, mke wangu, hajanisamehe. Mwaka mzima tulipikia sufuria ya kuazima.

Fundi baiskeli wa Kibondo ndiye aliyeifufua. Aliikata springi palipovunjika, akaiunga. Nikauandika wimbo wote kwa sikio. Karibu na mwisho wa kila upande okestra inapunguza mwendo, taratibu, hadi unahisi imebeba kitu kizito. Hapo nimeandika buhoro kwa penseli nyekundu. Polepole, kwa lugha yetu. Napapenda kuliko kwingine kote. Sauti nazo zinashuka kidogo pale. Kumbe waimbaji wa Ulaya nao huchoka kama wangu. Hilo limenifariji kwa miaka.

Alhamisi, 7 Julai

Sabasaba. Tuliimba uwanjani, vumbi mdomoni. Baada ya hotuba nikapewa barua kutoka Kasulu.

Nimeisoma mara nne. Mwalimu Semkiwa, mtu aliyesomea kuongoza okestra Ulaya miaka sita, anakuja Kasulu. Anachagua mtu mmoja wa mkoa huu aende chuo cha muziki huko huko, miaka mitatu, ajifunze uongozaji. Kila mwombaji ataongoza kwaya ya Kasulu, Ijumaa tarehe 22, wimbo mmoja kati ya mitatu iliyotajwa. Wa tatu ni wangu. Ule ule wa santuri.

Asizidi miaka thelathini na miwili. Nimetimiza thelathini na miwili mwezi Machi. Hakuna mwakani.

Nataka kwenda. Naandika hapa kwa sababu siwezi kulitamka nyumbani. Nataka kwenda kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Jumatatu, 11 Julai

Kibondo kwa baiskeli, ofisi ya vibali. Nilifika saa mbili, nikaitwa saa nane.

Karani si mtu mbaya. Ana mafua. Alinisomea masharti huku akipenga kamasi. Mkimbizi hatoki wilayani bila kibali. Kibali ni siku tatu. Lazima awe na mdhamini raia. Nikatae kurudi, au nichelewe tu, mdhamini anawekwa ndani mpaka nionekane, na Murungu nzima hainusi kibali tena mwaka huo. Nikamuuliza, nikiumwa njiani je? Akasema niumwe nikiwa nimerudi.

Miaka mitano sijavuka mto wa pili kutoka hapa. Nilikuwa nimeanza kusahau kwamba sijavuka. Leo nimekumbushwa.

Ijumaa, 15 Julai

Nani wa kunidhamini? Nilizunguka na baiskeli siku tatu nzima. Mwalimu mkuu ana kikao. Mwenye duka ana mke mgonjwa. Kila mtu ghafla ana jambo.

Jioni Balozi Bukuru alikuja mwenyewe, akakaa kwenye kinu kilicholala. Alikwisha sikia. Hakuuliza opera, hakuuliza Ulaya. Aliuliza kidole gumba kinawekwa wapi. Nikamweleza yote, kuwekwa ndani na yote. Akakubali kwa lugha yake: "Ego. Si ni siku tatu?"

Aibu ilinishika. Mtu ninayemtukana kimoyomoyo kila Jumanne.

Jumapili, 17 Julai

Nimerudia kitabu cha padri cha Kifaransa, sura ya jinsi mtu anavyokuwa kiongozi wa okestra. Hakianzi na kuongoza hata kidogo. Unaanza kwa kupiga kinanda chumbani, waimbaji wa opera wakijifunza sehemu zao, miaka. Halafu unasimama nyuma ya pazia kuwaonyesha kwaya wakati wa kuingia, maana huko nyuma hawamwoni mkubwa. Halafu unasubiri mkubwa augue. Kazi yenyewe ndiyo hiyo, kusubiri mtu augue. Domitila kasikia, kasema basi kwa kusubiri mimi nimeshafuzu. Nimecheka. Yeye hakucheka.

Hajasema niende wala nisiende. Anachambua maharage kwa nguvu mno.

Alhamisi, 21 Julai

Kasulu. Kibali kilianza leo alfajiri, kinakwisha Jumamosi saa kumi na moja jioni, nikiwa nimesimama mbele ya karani. Nimekuja juu ya lori lililoleta chumvi Kibondo, likirudi tupu. Nywele nyekundu, kope nyekundu. Nilikuwa nikiongoza njia nzima, mkono mmoja, mwingine umeshika kamba. Turnboi alidhani natafuta kushuka.

Tuko watatu. Kijana wa Heru Juu, mpole, na mwalimu kutoka Kigoma mwenye viatu vya kung'aa. Mwalimu Semkiwa ni mfupi, mkali, Msambaa. Ametueleza habari zake. Miaka minne alipiga kinanda kwenye nyumba ya opera na kugeuza kurasa za wengine. Okestra kamili aliiongoza mara tatu, zote kwa kuugua kwa wengine. Nilitaka kumshika mkono. Kitabu cha padri hakikudanganya.

Niliuliza kuhusu ukimbizi wangu. Hakuna shida, alisema. Akichaguliwa mtu, hati ya safari itatafutwa, hata ya mkimbizi ipo.

Ijumaa, 22 Julai. Mchana

Nimeharibu.

Nilikuwa wa mwisho. Yule mwenye viatu alikuwa anapiga hewa ngumi. Wa Heru Juu mzuri, mwoga. Nikasimama. Kwaya ya watu arobaini, wananitazama mikono. Niliinua, wakaingia wote, besi na wao, papo hapo. Sikujua inawezekana. Nilikaribia kulia.

Nikafika pale. Buhoro. Nikapunguza. Nusu ya kwaya ikanifuata, nusu ikaendelea mbele jinsi ilivyojifunza. Wimbo ukapasuka. Mwalimu Semkiwa akasema turudie. Nikadhani sikuonyesha vizuri. Mara ya pili nikapunguza zaidi, mkono mpana, waone. Ukapasuka vibaya zaidi.

Akauliza nani alinifundisha kupunguza hapo. Nikasema santuri. Akauliza santuri ninaipigia nini. Nikamwambia. Gramafoni, hendeli, springi, fundi baiskeli.

Hakucheka. Angecheka ingekuwa afadhali.

Ana gramafoni ya betri. Alinipeleka chumba cha pembeni akaweka santuri yake, wimbo ule ule. Ulikwenda. Ulipita pale bila kusimama, bila kushuka, wepesi mtupu, ukamalizika. Niliomba niusikie tena. Ukamalizika tena vile vile.

Basi ni springi, ilikatwa ikawa fupi, inaishiwa nguvu kabla upande haujaisha. Miaka mitano nimefundisha watu thelathini springi inayokufa. Na masikio yangu yaliniambia. Sauti ilipokuwa ikishuka niliisikia, nikaitafutia sababu. Waimbaji wamechoka! Mjinga mimi.

Ijumaa hiyo hiyo. Jioni

Mwalimu Semkiwa aliniita. Nilitegemea aniage. Akasema mikono yangu ni bora kuliko ya wale wawili, kilichoharibika ni mashine. Kwaya inakutana tena Jumatatu saa nne. Niongoze mara moja tu, kwa mwendo wa santuri yake. Nikipita pale salama, barua ataandika mbele yangu. Karatasi yake haina jina bado.

Nilimwonyesha kibali. Alikigeuza nyuma, kana kwamba kuna siku nyingine upande wa pili.

Tukaenda ofisi ya hapa kabla haijafungwa. Kibali huongezwa na aliyekitoa tu. Simu ya Kibondo imekatika tangu Jumatano. Mwalimu alipandisha sauti, akataja watu wakubwa. Karani wa Kasulu naye si mtu mbaya.

Karatasi ya kwenda Ulaya ipo. Ya kukaa Kasulu mpaka Jumatatu haipo.

Mwalimu anasema nibaki. Siku mbili tu, watapiga kelele kisha watanyamaza. Yeye ataandika kueleza. Huenda ni kweli. Mzee akikaa ndani siku mbili hafi. Nimeiandika sentensi hiyo na nimeiacha nione jinsi nilivyo.

Jumamosi, 23 Julai

Nilijiambia sijaamua. Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa kituoni, kwa hiyo nilikuwa nimeamua.

Sikurudi kwa wema. Nataka hilo lieleweke, hata kama msomaji ni mimi peke yangu. Basi lilipoondoka nilimchukia Bukuru, gumba lake na macho yake ya kufumba. Angekataa kama wengine nisingekuja, nisingejua, ningekuwa Murungu na buhoro langu, nimeridhika. Nilimchukia mpaka tulipopita Makere. Baadaye nikamwona moyoni amekaa sakafuni mahabusu akisubiri, bila kuuliza chochote. Chuki ikaisha, ikabaki hasira tupu isiyo na mtu wa kumwangukia.

Basi lilipata pancha moja. Nikasali lipate nyingine, ili nichelewe bila kosa langu. Halikupata.

Ofisini saa kumi kasoro. Karani amepona mafua. Akapiga muhuri, akasema mimi ni mfano mzuri kwa wenzangu.

Jumapili, 24 Julai

Ibada. Nimeongoza. Sikumbuki tuliimba nini.

Bukuru alinishika mkono kwa mikono miwili mlangoni. "Nari mbizi," alisema. Alijua kwamba nitarudi. Akauliza wamenionaje huko. Nikasema wamemchukua kijana wa Heru Juu. Sijui kama ni kweli. Kesho itakuwa kweli. Habari ya Jumatatu sikumwambia, wala sitamwambia. Domitila nimemwambia. Alinipakulia sahani yangu kwanza, kabla ya watoto, jambo ambalo hafanyi.

Jumatatu, 25 Julai

Saa nne. Nilikuwa shambani tunachimba mihogo. Nilijua ni saa nne kwa kengele ya shule.

Nikaweka jembe chini. Nikainua mikono, nikaongoza wimbo wote, mwanzo hadi mwisho, kwa mwendo wake. Nilipita pale salama. Domitila alisimama akanitazama hadi nikamaliza, halafu tukaendelea kuchimba.

Jumanne, 26 Julai

Kabla ya mazoezi nilichukua raba nikafuta buhoro, zote mbili. Karatasi imechanika kidogo.

Niliwaambia tulikuwa tumekosea, au mimi nilikuwa nimekosea. Hapa hatupunguzi tena, tunapita. Hawakubisha. Tukaanza. Besi wakachelewa nusu pigo. Tukafika pale, nikaupeleka mkono mbele.

Hawakuja. Thelathini wote walipunguza, pamoja, bila mtu kumtazama mwenzake, na sauti zikashuka kidogo zote kwa kiasi kimoja. Nikasimamisha. Tukarudia. Mara nne. Mara ya nne walijitahidi, nyuso zimekaza, na ulikuwa wimbo mbaya. Mama mmoja wa sauti ya pili akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, unaumwa?"

Mara ya tano sikusema kitu. Tulipofika pale nilikuwa mbele yao, peke yangu, mkono unapiga na hakuna anayeimba hapo. Bukuru amefumba macho. Nikaupunguza mkono, nikawasubiri wanifikie, tukamaliza pamoja.

Sijasamehe. Sijui namlaumu nani. Lakini nimeketi mezani, nimechonga penseli nyekundu, na pale palipochanika nimeandika tena buhoro. Jumanne ijayo mazoezi saa kumi.