Kaka, Yule Shujaa Wako wa Barakoa

Kaka Omondi,

Huu ni mwaka wa pili tangu tukuzike, na bado nina hasira nawe. Nilidhani itapungua. Jumapili iliyopita wanangu walifungua filamu mpya sebuleni, hapa Suna, Migori. Shujaa alipotokea na barakoa usoni, niliinuka nikatoka nje.

Unakumbuka ukumbi wako wa video, ule wa mabati nyuma ya soko? Mimi nilikaa mlangoni na tiketi. Wewe ulisimama kando ya televisheni na maikrofoni, ukitafsiri Kiingereza kwa Kiswahili na kutia mizaha yako kwa Kijaluo. Ni wewe uliyenieleza kwamba mashujaa wale walitoka katika hadithi za zamani zilizochapwa kwenye karatasi duni, kisha zikawa filamu za vipande vipande: kila wiki shujaa anaachwa akining'inia gengeni ili watu warudi wiki ijayo.

Kila mmoja wetu alikuwa na wake. Wangu alikuwa rubani wa ndege kuukuu. Aliogopa giza, alipigwa, alilia, na mambo yakimzidi aliwaita wenzake. Wako alikuwa yule mtu wa barakoa. Anapigwa risasi begani, anajifunga kitambaa, na kesho yake anacheka na watu kana kwamba hakuna lililotokea. Hata mama yake hajui.

"Nyaminwa," uliniambia, kwa lile neno lako la kuniita dada, "shujaa anayepiga kelele si shujaa."

"Na anayekufa kimya je?"

"Huyo hafi. Ana sehemu ya pili."

Benchi zote zilicheka. Mimi pia nilicheka, na hilo linaniuma.

Watu walipoanza kutazama filamu kwenye simu zao, ulifunga ukumbi ukahamia Homa Bay kutengeneza simu hizo hizo. Kila nilipopiga ulisema, "Niko sawa kabisa." Hukusema kwamba una sukari. Hukusema kwamba ulikanyaga msumari na kidonda kikakataa kupona. Jirani yako aliniambia baadaye kwamba ulivaa gambuti hata siku za jua kali, watu wasione bendeji.

Niliitwa ukiwa tayari umelazwa. Daktari alinieleza kwamba miezi mitatu nyuma ulishauriwa ukatwe kidole kimoja cha mguu, ukaondoka na hukurudi. Sasa alikuwa anazungumzia mguu mzima, na hata kwa huo hakuwa na hakika. Nilirudi kitandani kwako nikakuuliza kwa nini hukuniambia.

"Sikutaka kuwasumbua," ukasema, na ukajaribu kutabasamu.

Nilitaka kukupiga kofi, kaka. Nilikushika mkono badala yake. Siku nne baadaye tulikuwa tunatafuta gari la kukurudisha nyumbani Migori. Kama ulitaka kutuepusha na usumbufu, basi ulishindwa vibaya, kwa maana tangu siku hiyo mama hapiki bila kusimama na kuuliza kama ulikuwa na maumivu sana. Sijui nimjibu nini. Na mimi ninajilaumu pia: sauti yako ilikuwa imechoka, niliisikia, nikaamini maneno nikaiacha sauti.

Mwezi uliopita nilianza kuwa na kiu isiyokatika. Nikaenda kupimwa, ikaonekana mimi pia nina sukari. Nilitoka nikasimama kando ya barabara, nikampigia mume wangu, nikamwambia naogopa. Nikawaambia watoto. Nikawaambia akina mama wa kanisani, mbele ya wote, huku nalia. Mmoja wao akasema tu, "Kesho saa mbili nitakupitia." Akanipitia, tukaenda kliniki pamoja, nikaanza dawa.

Hicho tu ndicho nilichokitaka kwako. Simu moja. Ungepiga asubuhi, ningekuwa Homa Bay kabla ya chakula cha mchana.

Pumzika, kaka. Nakupenda, na bado sijakusamehe.

Mdogo wako