Sauti ya Mama Ilipokataa Kutoka

Kwa Marcelline,
Nyuma ya soko,
Kasongo, Maniema.
11 Agosti 2024

Mpendwa mdogo wangu Octave,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani, nyingi kuliko vumbi la kiangazi hiki ambalo limetufanya sote tuwe rangi moja. U hali gani huko Lusaka? Elsa hajambo? Na yule mtoto ambaye sijamshika bado, ameanza kutembea au anatambaa? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, isipokuwa mgongo, na hilo ni kosa la pikipiki. Shemeji yako Alimasi anakula vizuri na anabishana na kila mtu juu ya kila jambo, kwa hiyo ujue ana afya.

Baba naye ni mzima wa mwili. Lakini macho, Octave, sasa yamefunga. Ule mtoto wa jicho niliokueleza umemaliza yote mawili. Anajua mchana na usiku, basi. Mtu akipita mlangoni anageuza kichwa na kungoja aseme neno, ndipo amjue. Nakwambia wazi, kwa sababu habari yote inayofuata ilikuwa kwa ajili yake.

Matanga ya mama tumeyaondoa salama huko Kabambare. Najua ulivyoumia kwa kutokuja. Usijile moyo. Wote waliokuuliza niliwaambia kwamba sauti ya mama tuliyoisikia siku hiyo ulituletea wewe, na huo ndio ukweli.

Wazo la picha lilikuwa la ndugu yetu Salomon, anayekaa na baba. Alitaka tukusanye picha za mama, tuzipange kwenye kompyuta zipite moja moja, kisha tuzirushe kwa projekta ya parokia juu ya shuka jeupe. Nikamwuliza, na baba je? Tumkalishe mbele ya shuka asiloliona, watu wamlilie mama, yeye akae tu akisikiliza watu wanavyopenga kamasi? Hapo ndipo nilipokuomba zile sauti mama alizokuwa akikurekodia kwa simu ya Salomon. Hatuna nyingine. Mama ameimba kwaya maisha yake yote na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumrekodi. Tulidhani atakuwepo tu.

Nilidhani kazi itakuwa kuchagua picha. Wapi! Picha zilikaa kwa adabu. Kilichonitoa jasho ni sauti. Kwanza kompyuta ilizikataa kabisa, kila nikiingiza moja inaniambia haiitambui. Nikadhani zimeharibika njiani kutoka kwako. Kumbe sauti za simu zina namna yake na ile programu ya picha inataka namna nyingine. Ikabidi nizigeuze ziwe MP3, moja baada ya nyingine, na umeme wa hapa unaujua, unakuja kama mgeni mwenye haraka.

Zilipokubali kuingia, Alimasi akasema lazima pawe na wimbo chini yake, bila wimbo itakuwa kama kikao cha chifu. Tukaweka wimbo wa kwaya. Tukasikiliza, wimbo umemmeza mama. Tukaupunguza, mama akasikika, lakini picha zikawa zinakimbia. Mama yuko katikati ya neno, picha zimekwisha, na yeye akakatika hapo hapo. Nililia, sikufichi. Nikauondoa wimbo wote, Alimasi akanuna, nikazirefusha picha mpaka kila moja imngoje mama amalize kusema. Nikasikiliza kwa vile vidude vya masikioni toka mwanzo hadi mwisho. Safi kabisa.

Basi nikaitia kazi yote kwenye flash, flash nikaifunga katika leso, leso nikaiweka kifuani, nikapanda pikipiki. Njia ya Kabambare hujaisahau. Tairi ilipasuka, mimi na dereva tukalala Lusangi kwa mama mmoja mwema aliyetupa ugali na sombe ya majani ya muhogo bila kutuuliza sisi ni kina nani. Nilifika nyumbani siku moja kabla ya sherehe, nimechoka ila nina furaha, nikamwambia Salomon awashe kompyuta yake tujaribu.

Picha zikaja. Mama akiwa msichana, mama na kapu, mama na wewe mgongoni. Sauti, kimya.

Kompyuta ya Salomon ni ile ya mezani, haina sauti yake yenyewe, inategemea spika kubwa ya pembeni. Tukaangalia kama sauti imezimwa. Haikuzimwa. Nikaipandisha mpaka mwisho kwenye programu, nikaipandisha mpaka mwisho kwenye kompyuta, nikazungusha kitufe cha spika mpaka kikagoma. Kimya. Tukachomoa waya, tukaupuliza, tukaurudisha. Tukazima kompyuta, tukaiwasha. Mwishowe Salomon akajaribu wimbo mwingine tu uliokuwa humo tangu zamani, nao ukanyamaza. Hapo nikajua ugonjwa hauko kwenye kazi yangu. Nikafurahi kidogo, kisha nikaogopa zaidi.

Baba alikuwa amekaa karibu, anasikiliza vidole vyangu vikigonga.

“Sauti ya mama yenu iko humu?” akaniuliza.

“Iko, baba. Lakini haitoki.”

Nikamwambia nimwekee simu sikioni, asikie sasa hivi, asingoje. Akatikisa kichwa.

“Simu ni ya mutu mumoja. Nataka nimusikie katikati ya batu, vile alikuwa anaongea.”

Octave, nilitoka nje nikasimama nyuma ya jiko. Nilikuwa nimesafiri na picha ambazo hazina faida kwake. Kama sauti isingetoka, ningekuwa nimewafanyia wageni sinema na kumwacha baba gizani peke yake.

Niliporudi, Salomon alikuwa anasema aende kuomba spika kwa wale wafanyabiashara wa dhahabu wenye baa. Shangazi Muzaliwa, ambaye muda wote alikuwa mlangoni akimenya karanga, akainua kichwa. Unamjua dada ya baba, hainui kichwa bure.

“Munatafuta nini tangu asubui?”

“Sauti, shangazi.”

“Sauti iko na miye.”

Akafungua fundo la kitenge chake kiunoni, akatuonyesha kipande cha waya. Wewe hukuwepo, acha nikueleze kama alivyotueleza. Siku tuliyomzika mama, shangazi alitoa betri za redio, na ile spika akaifungua mgongo kwa kisu cha jikoni akakata waya wa ndani, ili mtoto yeyote asije akacheza muziki katika nyumba ya matanga. Salomon aliheshimu matanga, hakuigusa spika hata siku moja, kwa hiyo hakujua. Na mimi nilikuja na ufundi wangu wote wa Kasongo nikaanza kutafuta sauti katika nyumba ambayo bado ilikuwa imekatazwa kutoa sauti.

Nikamwomba aurudishe tujaribu mara moja tu, kwa sauti ndogo.

“Matanga haijaisha. Kesho, tukisha oga na kuvaa nguo mupya, nitarudisha.”

“Na kama haitatoka mbele ya batu?”

“Itatoka.”

“Mbona hukutuambia?”

“Mulikuwa munauliza ordinateri, hii kompyuta yenu. Miye hamukuniuliza.”

Nilimkasirikia kwelikweli. Halafu nikamtazama anavyolifunga tena lile fundo, polepole, kwa mikono yake yenye maganda ya karanga. Ameutembeza ule waya kiunoni muda wote huu, shambani na kanisani, kwa ajili ya mke wa kaka yake. Hasira ikaniisha. Nikakaa chini tukamenya karanga pamoja.

Kesho yake tulioga, tukavaa nguo mpya, katekista akaomba, watu wakala. Jua lilipoanza kushuka na shuka likaanza kuonyesha picha, shangazi akamkabidhi Salomon waya mbele ya wote. Salomon akausokota mahali pake, akaufunga kwa kitambaa. Nikabonyeza.

Sasa, ni nani aliyekumbuka kwamba jana tulipandisha kila kitu mpaka mwisho? Si mimi.

“OCTAVE!”

Mama alilipuka, ndugu yangu! Kuku walitawanyika, katekista akamwaga soda yake kwenye kanzu, jirani wa ng'ambo ya njia akaitika “Abee!” Nilikimbia kupunguza huku nyumba nzima ikicheka. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, na wa kwanza kutuchekesha akawa marehemu mwenyewe.

Kisha akaendelea kwa sauti yake ya kawaida, ile ya kuongea huku anapepeta mchele. “Octave, mwanangu, uko muzima? Siye huku tuko muzuri. Baba yenu anakohoa, lakini dawa anakatala, anasema iko buchungu. Uongee naye weye. Miye hanisikie.”

Baba akasimama. Hakuna aliyemshika mkono. Hakugeukia shuka, aligeukia spika, akasema polepole, mbele ya watu wote, “Nakusikia, mama Marcelline. Nakusikia.”

Sina zaidi la kukueleza hapo. Aliomba turudie, tukarudia, na kila mara alimjibu.

Flash anakuletea Michel, yule muuza vitenge, pamoja na barua hii. Nimeifanya yote kuwa video moja, sauti na picha pamoja, kwa hiyo hakuna faili litakalobaki Kasongo. Picha zikija kimya, jaribu kwanza wimbo mwingine kwenye kompyuta hiyo hiyo. Wimbo ukiimba, nilaumu mimi. Usipoimba, chunguza spika, na uwaulize walio nyumbani kabla ya kuiuliza kompyuta. Na tafadhali, anza na sauti ndogo, Elsa asije akamwangusha mtoto.

Shangazi Muzaliwa anakusalimu na kusema unenepe kidogo. Salomon anakusalimu. Alimasi anakusalimu na kusisitiza kwamba wimbo ungefaa. Wasalimie wote walio nawe, na umbusu mtoto kwa niaba yangu.

Neno la mwisho ni la baba. Asubuhi ya kuondoka kwangu aliniuliza Octave anasema nini siku hizi. Nikaifungua simu nitafute ulichotutumia. Ndugu yangu, ni picha tupu. Mtoto, nyumba, gari la kazini, daraja, mtoto tena. Nikamweleza moja moja, huyu amevaa hivi, hapa pamepakwa rangi hii. Alisikiliza kwa subira. Kisha akasema, “Ni muzuri. Lakini sauti yake siikumbuke tena. Ya mama yenu tuliitafuta sababu alikufa. Octave iko muzima.”

Kwa hiyo barua hii usiijibu kwa kuandika. Ichukue simu leo, kabla hujaiweka karatasi hii chini, uzungumze. Kama huna la kusema, mwambie umekula nini. Anza kwa kusema “Baba”. Mengine atayangoja.

Mungu aliyemlaza mama pema akulinde wewe na nyumba yako.

Ni mimi dada yako, nikupendaye tangu ulipokuwa mgongoni,
Marcelline